Coimbra: Uende Mwezi Gani?

Kila mara mwenzetu mmoja anapopata nafasi ya kwenda kusoma Ureno, hata kwa majuma machache, swali linalonifikia ni lilelile: niende mwezi gani ili nikute sikukuu? Naelewa. Bursa ni fupi, tiketi ya ndege ni ghali, na hakuna anayependa kufika katika mji wa watu akakuta mitaa mitupu kama uwanja wa mpira siku inayofuata mechi. Mimi nilikaa Coimbra tangu Septemba hadi Julai ya mwaka uliofuata, kujifunza Kireno. Sisi watu wa upande wa Kasaji na Dilolo tunajua kwamba ng'ambo ya mpaka ni Angola na kwamba reli inayotoka kwetu inaishia Lobito, kwa hiyo lugha hiyo kwetu si pambo. Nimeuona mwaka wao karibu wote. Basi nijibu mara moja, kwa maandishi, na niseme pia yale ambayo nikijibu kwa mdomo, tukiwa tumesimama mlangoni mwa oditoriyo, huwa nayaruka.

Jibu fupi: nenda Mei.

Mwezi huo kuna sherehe ya wanafunzi inayoitwa Queima das Fitas, yaani kuchoma tepe. Mama mkubwa, nilipomweleza kwa simu, aliuliza, "Sasa banachomaka nini? Nyumba?" Hapana. Kinachochomwa ni kitepe chembamba ambacho mwanafunzi anayekaribia kumaliza amekifunga kwenye mkoba wake. Anakichoma hadharani, na cha ajabu ni chombo chenyewe: chungu cha chumbani, kile cha kukojolea usiku. Baada ya hapo anastahili kubeba tepe pana, za rangi ya fakulte yake, na juu ya tepe hizo wazazi, marafiki na walimu wanaandika maneno ya kumwombea heri. Sheria ni nyekundu, Udaktari ni njano, na sisi watu wa Barua ni buluu iliyokolea. Sherehe kwa desturi huchukua siku nane, maana fakulte ni nane. Tarehe zinabadilika mwaka hata mwaka, na mara nyingine zinasogezwa hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa ndege.

Kama una usiku mmoja tu, uwe ule wa kwanza. Saa sita za usiku watu hukusanyika mbele ya Sé Velha, kanisa kuu la zamani, jengo la karne ya 12 linalofanana zaidi na ngome kuliko kanisa. Kufika huko unapanda ngazi inayoitwa Quebra-Costas, Vunja-Mgongo, na jina hilo si uongo. Wanafunzi wanakaa chini, juu ya mawe, wamejifunika majoho meusi. Juu ya ngazi za kanisa wanasimama waimbaji na wapiga gitaa. Gitaa la Coimbra si la Lisbon: linafungwa sauti moja chini zaidi, na hata asiyejua muziki anasikia kwamba limeshuka mahali fulani ndani ya kifua. Fado ya Coimbra inaimbwa na wanaume, tena wanafunzi au waliokuwa wanafunzi, wamevaa joho. (Kuhusu wanawake kutoimba, niliuliza, nikajibiwa kwamba ni desturi. Jibu hilo tunalijua na sisi.) Wimbo ukikupendeza, usipige makofi. Desturi ya huko ni kukohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Mimi nilidhani wenzangu wameshikwa na baridi.

Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sikuweza kuinua mkono, na ulikuwa umenyamaza. Nimekulia Lubumbashi, kwetu, vijana maelfu walionyamaza usiku ni habari mbaya. Kwa nusu saa nilikuwa nikitafuta kwa macho njia ya kutokea. Halafu nikasikia gitaa.

Jumapili kuna msafara wa malori. Kila kundi la wanafunzi wa mwaka wa mwisho linapamba lori lake kwa maelfu ya maua ya karatasi, ya rangi ya fakulte, na kazi hiyo inawachukua majuma ya kukesha. Wanaomaliza wanavaa kofia ndefu ya duara na kushika fimbo. Watoto wanapanda mabega ya baba zao, bibi wanalia, bia inamwagika kuanzia juu ya kilima hadi chini mtoni. Ni jambo zuri la kuangalia kwa saa mbili. Usiku kuna muziki ng'ambo ya mto Mondego, katika uwanja uliotengwa. Nilienda mara moja, inatosha. Kelele za vipaza sauti ni zilezile duniani kote, na bia hiyo hata Lubumbashi ipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa kawaida nalikata. Sherehe hii ni ya zamani, lakini kuna miaka ambayo haikufanyika. Usipojua kwa nini, unaweza kukaa Coimbra siku nane zote na usione kitu.

Tarehe 17 Aprili 1969 jengo jipya la Hesabu lilikuwa likizinduliwa. Rais wa Ureno wa wakati ule, Américo Tomás, alikuwapo pamoja na mawaziri. Kiongozi wa chama cha wanafunzi, Alberto Martins, alisimama akaomba neno kwa jina la wanafunzi. Hakupewa. Usiku ule akakamatwa. Wanafunzi wakaacha masomo, kisha wakagoma kufanya mitihani, na Queima ya mwaka ule wakaifuta wenyewe: walitangaza matanga. Fikiria jambo hilo. Silaha waliyokuwa nayo ilikuwa sherehe yao, wakaiweka chini, na mji mzima ukaona pengo.

Mwezi wa Juni timu yao ya mpira, Académica, ilifika fainali ya Kombe la Ureno dhidi ya Benfica. Wachezaji wengi walikuwa wanafunzi. Tarehe 22 waliingia uwanjani karibu na Lisbon wakitembea polepole, majoho meusi mabegani, na jukwaani vitambaa vikafunguliwa vyenye madai ya chuo. Rais, ambaye hukabidhi kombe, hakuja. Televisheni haikuonyesha mechi. Ilikwenda hadi muda wa nyongeza, na aliyeimaliza ni Eusébio, mtoto wa Msumbiji. Baadaye makumi ya wanafunzi waliogoma wakaandikishwa jeshini, katika nchi iliyokuwa na vita Angola, Guinea na Msumbiji. Queima haikurudi hadi 1980, miaka sita baada ya utawala ule kuanguka tarehe 25 Aprili 1974.

Niliposomewa habari hii darasani na mwalimu wetu wa Kireno, niliangalia mwaka mara mbili. Elfu moja mia tisa sitini na tisa. Tarehe 4 Juni ya mwaka huohuo, siku kumi na nane kabla ya mechi ile, wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa kudai bursa na kusikilizwa, na askari wakawapiga risasi. Makumi walikufa. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao wakataka kuikumbuka tarehe hiyo. Hawakuomba kitu kingine kikubwa: kuikumbuka. Mobutu akafunga chuo na kuwaandikisha wanafunzi jeshini. Agosti vyuo vikuu vyote vitatu vikaunganishwa kuwa UNAZA, na fakulte ya Barua ya Lovanium ikahamishiwa Lubumbashi.

Yaani hapa. Ukiuliza kwa nini watu walio wengi wa Barua nchini walikuja kukutana mji huu wa shaba, kwa nini Mudimbe alifundisha hapa katika miaka ile ya sabini, huwezi kuikwepa siku ile ya kumbukumbu iliyokatazwa. Tulifundishwa UNAZA kama mpango wa utawala, wenye tarehe na vifungu. Mimi binafsi nilikwenda hadi Ureno ndipo nikaanza kuitazama kama jibu la serikali kwa sikukuu ya mwaka ambayo wanafunzi walikuwa ndio kwanza wanaibuni.

Kwa hiyo, kama unaweza kufika mapema zaidi, fika kabla ya tarehe 17 Aprili. Usitegemee malori wala maua. Ni tarehe inayokumbukwa kwa maneno, picha za wakati ule na watu wazima wanaoshuka ngazi polepole. Mwaka niliokuwa huko nilimsikiliza mzee mmoja aliyegoma mitihani mwaka 1969. Kilichonivutia ni kwamba hakukubaliana na mwenzake waliyekaa naye juu ya jambo la 1980. Mmoja alisema ilikuwa haki sherehe irudi, kwa kuwa matanga yana mwisho. Mwingine alisema iliporudi ilirudi na mambo yaleyale ya kuwanyanyasa wapya, na kwamba waliokuwa na haraka ya kuirudisha si wale waliolala jela. Walibishana kwa adabu, kila mmoja akimwita mwenzake daktari. Hakuna aliyeshinda, na sikuona aliyesikitika kwa hilo.

Hilo la wapya linanileta Oktoba, au mwanzo wa Novemba. Ndiyo sherehe ya pili kwa ukubwa, inaitwa Latada, ya makopo. Wanafunzi wapya wanavalishwa nguo za kuchekesha na wale waliowatangulia, wanafungiwa makopo matupu miguuni na kuburuta kelele mjini kote. Mkononi wanashika nabo, mzizi mweupe wa mboga unaofanana na figili kubwa, ambao kwa desturi huibwa sokoni, na wauzaji wa soko wanajua na wanapiga kelele kama inavyotakiwa. Mwishoni wanashuka Mondego, na kila mmoja anabatizwa na "baba" au "mama" yake wa chuo, kwa maji ya mto yaliyotekwa, tena, kwa kile chungu cha chumbani. Aliyepita ubatizo wa bleu hapa Kasapa hahitaji tafsiri. Ubelgiji ilituletea wa kwetu, Coimbra ina wa kwake, na fedheha ni moja. Mimi nauonea shaka huo na huo. Niliona wanaocheka kwa moyo, na niliona binti mmoja aliyekuwa akicheka kwa meno tu. Huko angalau kuna nyumba za wanafunzi ambazo nyingi zinaupinga waziwazi: zinaitwa república.

República ni nyumba ambayo wanafunzi wanaiendesha wenyewe, wanapika pamoja, wanapiga kura kuhusu nani aingie. Majina yao ni ya wazimu kwa makusudi: moja inaitwa Ikulu ya Wazimu, nyingine ya Makobe. Kila mwaka kila nyumba inafanya sherehe ya kuzaliwa kwake, na sherehe hiyo inaitwa "miaka mia". Eti mwaka mmoja ndani ya república una uzito wa karne. Nilialikwa kwenye "miaka mia" moja, tukala wali na maharagwe katika chumba ambacho kuta zake zote zimeandikwa, na wakubwa waliokaa humo zamani wakarudi na wake zao na waume zao, wakapewa viti vyao vya zamani. Hakuna tiketi, lazima mtu akualike. Ukialikwa, acha mambo mengine yote.

Katika meza hiyo ndipo nilipoulizwa kama najua kwamba Agostinho Neto alisoma hapo. Nilijua. Alifika mwaka 1947 kusomea udaktari, kabla ya kuhamia Lisbon. Wanafunzi kutoka makoloni walikuwa na nyumba yao, Casa dos Estudantes do Império, yenye tawi Coimbra. Serikali iliiunda ili kuwaweka karibu, nao wakajuana humo, na mwaka 1965 polisi wa siri wakaifunga. Hakuna siku ya mwaka ya jambo hilo niliyoiona ikisherehekewa mtaani. Utalikuta katika mazungumzo, kama nilivyolikuta mimi, baina ya maharagwe na kahawa.

Mengine nitayapitia haraka. Tarehe 1 Machi ni siku ya chuo, kwa sababu mfalme Dinis alitia sahihi waraka wake tarehe hiyo mwaka 1290. Chuo kilianzia Lisbon, kikawa kikihama huku na huku, hadi 1537 kilipotulia Coimbra. Siku hiyo maprofesa wanavaa mabega ya hariri ya rangi za fakulte, na majuma yanayofuata kuna tamthilia na maonyesho. Kwa mtu wa lugha, michezo ya kuigiza ya wanafunzi ndiyo yenye faida. Ukiwa huko juu, sikiliza kengele ya mnara. Wanaiita Cabra, Mbuzi, na kwa karne nyingi ndiyo iliyopanga saa za masomo na za kulala. Ingia pia maktaba ya Joanina, ambako popo wanaishi ndani na kula wadudu wanaoharibu vitabu. Nikafikiria maktaba yetu, ambako wadudu hawana adui yeyote.

Na Julai, kama mwaka ni wa namba shufwa, kaa usubiri maandamano ya Rainha Santa, malkia Isabel, mlinzi wa mji, aliyefariki 1336. Husimuliwa kwamba alikuwa akibeba mkate kwa siri kuwapelekea maskini, mfalme alipomfunulia nguo akakuta mawaridi. Sanamu yake inashuka usiku kutoka monasteri ya Santa Clara, inavuka daraja, inaingia mjini. Baada ya siku chache inarudi. Wanafunzi wengi wameshakwenda likizo wakati huo. Mji ni wa wenyeji wake, wa wale wauza mboga walioibiwa nabo, na wanatembea na mishumaa bila kumwangalia mgeni. Kwa mwaka usio shufwa hakuna msafara huo, usije ukanilaumu.

Jambo dogo ambalo halina tarehe ni rasganço. Mwanafunzi akitoka kwenye mtihani wake wa mwisho kabisa, marafiki wanamrukia na kumchania nguo zote, wanambakizia kola ya shati, vikuku vya mikono na joho la kujifunika. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu barabarani, kwa sababu niliona poda. Siku ya proklamasyo hapa kwetu, aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani hadi hajulikani tena ni nani, na anatembea hivyo hadi kwao ili majirani waone. Wao wanavua, sisi tunafunika. Niliwaonyesha picha ya dada yangu kwenye simu, mweupe kama mkate kabla ya kuingia tanuri, na mwanafunzi mmoja wa Sheria akauliza kama poda hiyo inauzwa na chuo.

Baba mdogo alikuwa mwaka wa pili wa graduat hapa Lubumbashi, Mei 1990. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 umeme ulikatwa katika homu za wanafunzi na watu wenye silaha wakaingia. Serikali ya wakati ule ilikubali kifo kimoja. Walioponea walitaja vingi zaidi, na hesabu haijapatanishwa hadi leo. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire kwa ajili ya usiku huo. Baba mdogo alitoka dirishani, akalala porini hadi alfajiri. Alirudi baadaye akamaliza, ana diploma, ana kazi. Ila mwezi wa Mei hapiti njia ya Kasapa. Akiwa na shughuli upande huo anaiahirisha hadi Juni, na nyumbani hakuna anayemuuliza. Mimi, tangu niandikishwe katika fakulte hii, nimealikwa kwenye kolasyo, kwenye kutoa mada, kwenye mechi za promosyo, kwenye misa ya kuanza mwaka. Kwa tarehe hiyo sijawahi kualikwa mahali.

Nilipotoka Ureno nilikwenda kumsalimu. Nilimletea kitabu cha picha za Coimbra, akakipitia haraka hadi kwenye ukurasa wa ile fainali, wachezaji na majoho yao, akavaa miwani.

"Na baaskari habakupiga?"

"Siku ile habakupiga, baba. Lakini badaye bakabatia benyewe mu jeshi."

"Na mechi?"

"Bakapigwa mbili kwa moja. Eusébio."

"Eusébio," alisema, akatikisa kichwa kwa heshima, yeye ambaye hakuna mchezaji anayemsifu asiyewahi kuvaa nyeusi na nyeupe ya Mazembe. Halafu akataka nimtafsirie yaliyoandikwa kwenye kile kitambaa cha jukwaani. Herufi zilikuwa ndogo. Tulisogea dirishani kwenye mwanga, nikaanza na neno la kwanza.